Naomba ushauri: klarineti ya besi inagoma noti za juu

Wakuu, habari za kazi. Niko Tabora mjini, napiga klarineti ya besi (ala kubwa ya kupuliza yenye sauti nzito) kwenye bendi ya kanisani. Chombo ni cha mtumba, mwili wa plastiki.

Chini hakina shida hata kidogo, kinanguruma hadi benchi linatetemeka. Balaa linaanza nikibonyeza kile kibonyezo cha dole gumba la kushoto (tumezoea kukiita cha oktava, japo klarineti hairuki oktava, inaruka hadi noti ya kumi na mbili ya skeli). Si, Do na Re zinatoka. Nikifika Mi tu, inapiga mluzi kama birika au inarudi chini yenyewe. Aibu niliyoipata Jumapili, acha tu.

Nimebadilisha mianzi (vile vipande vyembamba vya mdomoni vinavyotetemeka ukipuliza), kutoka namba 3 hadi 2½ iliyo laini zaidi. Wapi! Jana nikakaa nayo mlangoni kwenye mwanga. Ina matundu mawili ya kupandishia sauti, la juu karibu na shingo na jingine chini yake. Kidole cha pete cha kulia kikiinuka, la juu linafunguka sawa, ila la chini halijifungi lote. Nikibana karatasi ya sigara chini ya pedi yake (kile kifuniko laini kinachoziba tundu), inachomoka bila kukamatwa.

Je, ni pedi imechoka, springi imelegea, au kile kipande cha koki (gamba laini la mti) kinachokaa kati ya vyuma vinavyoungana kimeliwa? Fundi wetu ni wa tarumbeta, anataka kukunja chuma kwa koleo. Nimemwambia asubiri kwanza.