Siku sita Spain kwa treni, nipange vipi?

MtotoWaMalindi: Asalaam aleikum jamani, mwezi wa kumi inshaallah ntakuwa Spain siku sita tu, nafikia Barcelona na kurudi natokea Madrid, nnataka Sevilla, Cordoba na Granada pia, je zinatosha au ntashinda kwenye treni?

BiKarafuu: Waaleikum salaam mwanangu. Zinatosha ukikaza roho. Barcelona mpaka Madrid treni ya kasi masaa mawili na nusu, Madrid Sevilla hivo hivo, na Cordoba iko njiani, shuka asubuhi, begi waachie stesheni, uende ule msikiti wa zamani ambao sasa ni kanisa. Mie nlisimama mbele ya mihrabu, dhahabu ile inavyowaka mpaka nkasahau njaa, lakini kusali hawaruhusu, mlinzi yuko juu yako. Jioni panda tena, dakika arubaini na tano ushafika Sevilla.

Kojani_77: Tiketi kata mapema, nauli inapanda kadiri siku inavyokaribia, si kama boti ya Dar. Na uwahi, stesheni za treni za kasi mabegi yanapita kwenye mashine, mie treni iliniacha Atocha, stesheni ya Madrid, naiangalia hivi hivi!

BiKarafuu: Alhambra nayo, ile ngome ya zamani ya Granada, kata mapema, tiketi ina jina lako na saa ya kuingia, ukichelewa majumba ya wafalme huyaoni.

MtotoWaMalindi: Basi Barcelona nalala usiku mmoja tu, Granada mbili. Ahsanteni, halua ntaleta.

Kojani_77: Halua ya Wete lakini 😂