Kutoka kupamba maharusi hadi kusanifu nywele na sura za wahusika wa filamu: naomba ushauri

Brashi Mbili: Wakuu, habari zenu. Nimefanya kazi ya saluni na kupamba maharusi kwa miaka kadhaa, na sasa ninataka kuingia katika filamu nikiwa na lengo la kuwa msanifu wa nywele na sura za wahusika wote. Katika filamu fupi niliyojitolea, mwongozaji alisifu mkono wangu, ila akasema kwamba hamwoni mhusika. Je, nirudi darasani, niongeze vifaa, au nitafute msanifu wa kumsaidia?

Kitana: Dada, mwongozaji huyo amekufaa. Bibi harusi anapambwa apendeze. Mhusika anapambwa aaminike, na pengine hilo linadai midomo iliyokauka na nywele zisizochanwa wiki nzima. Kabla ya kununua brashi nyingine, chukua hati ya filamu, uisome kwanza kama hadithi, kisha uirudie ukiandika kwa kila onyesho ni siku ya ngapi ya hadithi, mhusika ametoka wapi, amelala au amekesha, na jeraha lake lina muda gani. Kwa kuwa maonyesho hayarekodiwi kwa mfuatano wa hadithi, huenda asubuhi ukatengeneza kovu na jioni jeraha lile lile likiwa bado bichi. Asiye na jedwali hilo, pamoja na picha za mwigizaji za mbele, pembeni na kisogoni, ataumbuka filamu itakapohaririwa.

Mzee wa Wigi: Naunga mkono, lakini darasa nalo lina nafasi yake. Gundi ya viungo bandia vya silikoni, yaani vipande vya kubandika kama pua au kovu la bandia, haijaribiwi usoni pa mtu siku ya kurekodi. Hupakwa mapema kwenye sehemu ndogo ya ngozi, na hubanduliwa kwa kiyeyushi chake, si kwa kucha. Usidharau nywele pia, kwani hata tuzo ya Oscar ya upambaji ilibadilishwa jina mwaka 2012 ili izitaje. Mwaka 2021 Mia Neal na Jamika Wilson, waliosimamia nywele na wigi, walikuwa wanawake weusi wa kwanza kuishinda. Jifunze nywele zote, za kipilipili na za singa.

Brashi Mbili: Ahsanteni sana. Nikimwandikia msanifu, nimpelekee picha za maharusi?

Kitana: Mbili tatu zinatosha kuonyesha usafi wa kazi. Zaidi, mpelekee mhusika mmoja uliyemsanifu kutoka kwenye hati, akiwa katika hatua tatu za hadithi, uso na nywele, akiwa amepigwa picha katika mwanga wa jua na wa taa, maana rangi inayopendeza kwenye kioo inaweza kubadilika mbele ya kamera. Omba nafasi ya mwanafunzi, hata kama utaanza kwa kuosha brashi na kutunza picha za mwendelezo, zile za kuhakikisha sura ya mhusika haibadiliki ovyo kati ya onyesho na onyesho. Ujira na saa za kazi, mwafikiane kwa maandishi kabla hujafika kwenye seti.