Wilaya zinarundikana kila nikibadili mkoa (VB.NET)

Karani_Korogwe:
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni karani wa SACCOS ndogo ya wakulima, programu sikuzisomea darasani. VB.NET, lugha ya kuandikia programu, nimejifunza usiku usiku, baada ya kuchoka kusaka majina kwenye daftari lililoliwa na mchwa.

Fomu ya mwanachama ina orodha kunjuzi mbili za mahali alipozaliwa: cboMkoa na cboWilaya. Ukichagua mkoa, hii inaita wilaya zake:

```
For Each jina In wilayaZa(cboMkoa.Text)
    cboWilaya.Items.Add(jina)
Next
```

Nikianza na Tanga, safi kabisa, wilaya 8 kuanzia Handeni. Nikihamia Pwani zile za Tanga hazitoki. Bagamoyo na wenzake wanapanga foleni chini yake, jumla 15. Nikirudi Tanga zinafika 23, na Lushoto ziko mbili. Juzi mzee mzaliwa wa Kisarawe nimemwandika Pangani, mkoa wa Pwani. Alipopewa fomu asaini, akavaa miwani, akaniuliza, "Mwanangu, nimehamishwa lini?"

La pili: cboMkoa inavuta mikoa kutoka jedwali la Access (hifadhidata ya Microsoft), kupitia DataSource, yaani chanzo cha data. Nikitaka kuongeza "Chagua mkoa" pale juu, inagoma, eti Items haibadilishwi wakati DataSource imewekwa. Kwa nini Add ikubali huku, kule ikatae?

fundi_baraza:
Add inaongeza tu mkuu, hakuna aliyeiambia ifute. Juu ya For Each weka:

```
cboWilaya.Items.Clear()
```

Halafu DropDownStyle iwe DropDownList, mtu achague tu bila kuandika. Ukiiacha ilivyo, ipo siku mtu ataandika "Koroggwe" kwa mkono na kompyuta itapokea.

MamaMsimbo:
La pili nalijibu mimi, lilinipotezea wikiendi nzima zamani hizo. Orodha inajazwa na mmoja: ama wewe kwa Items.Add, ama jedwali kwa DataSource. Ukishaikabidhi kwa jedwali, hata Clear itakugomea. Kwa hiyo neno lako liingize kwenye jedwali (hapa naliita dt) kabla ya kuliunganisha na orodha:

```
Dim mstari = dt.NewRow()
mstari("Id") = 0
mstari("Jina") = "-- Chagua mkoa --"
dt.Rows.InsertAt(mstari, 0)
cboMkoa.DisplayMember = "Jina"
cboMkoa.ValueMember = "Id"
cboMkoa.DataSource = dt
```

DataSource iwe ya mwisho, usiipandishe juu. Na dt hiyo usiiitie Update ya adapta (inayorudisha mabadiliko kwenye Access), kwa sababu mstari ule unahesabika kuwa mpya na utaandikwa Access. Mimi niliwahi kuwa na mteja kutoka mkoa wa "Chagua".

Karani_Korogwe:
Shikamoo Mama. Clear imefanya kazi, na mstari wa juu umekaa. Ila sasa mtu akirudi kwenye "-- Chagua mkoa --" programu inaanguka palepale kwenye For Each.

MamaMsimbo:
Marahaba. wilayaZa ni Dictionary, kamusi ya mkoa na wilaya zake, sivyo? Unaidai wilaya za mkoa usiokuwamo. Uliza kwanza:

```
cboWilaya.Items.Clear()
If wilayaZa.ContainsKey(cboMkoa.Text) Then
    cboWilaya.Items.AddRange(wilayaZa(cboMkoa.Text).ToArray())
End If
```

AddRange inaziingiza zote kwa mkupuo, kwa hiyo For Each uitupe. Clear iache nje ya If, ili asiyechagua mkoa aone orodha tupu.

fundi_baraza:
Na kitufe cha kuhifadhi kikatae SelectedIndex (namba ya kilichochaguliwa) ya cboMkoa ikiwa 0, yaani bado iko kwenye "-- Chagua mkoa --", na ya cboWilaya ikiwa -1, yaani hakuna kilichochaguliwa.

Karani_Korogwe:
Imekubali. Nimezunguka Tanga, Pwani, Tanga mara kumi, 8 zinabaki 8. Fomu ya mzee nimeichapa upya. Kesho asubuhi napitia wote niliowaandika tangu Jumatatu, nione nani mwingine nimemhamisha.