Mrejesho: kifaa cha kukoroma kilichokuwa kinachomoka usiku

Wakuu, swali lilikuwa: kwa nini kipande cha chini cha kifaa cha kusogeza taya mbele kinachomoka usiku, na taya inauma upande wa kulia asubuhi?

Kosa kubwa lilikuwa kwenye kipimo cha kung'ata, yaani kile kinachoonyesha kifaa kishike taya ya chini mbele kiasi gani. Taya ya mgonjwa inatembea mm 10 kutoka nyuma kabisa hadi mbele kabisa. Kifaa kilianza kwa kuisogeza mm 8 kutoka nyuma. Misuli inairudisha nyuma usiku kucha, plastiki inashindwa kushika. Sasa kimeanza upya mm 5, skrubu ya kifaa inaisogeza taya mbele nusu milimita kwa wiki. Taya ikiuma, tunasimama hapo.

Maumivu ya kulia: karatasi ya rangi, ile inayong'atwa kuonyesha panapogusana, ilibanwa na magego ya kulia tu, kushoto ikivutwa inatoka bila kukwama. Akriliki (plastiki ya kifaa) imesagwa kidogo kidogo, kwenye uso wa kung'atia tu, mpaka pande zote zikagusana sawa. Ukisaga ndani, panapokumbatia meno, unaua mshiko.

Aliyeshauri klipu za waya ili kifaa kishike meno, asante, hazikuhitajika.

Kukoroma kumepungua sana. Ila kukatika kwa pumzi hakupimwi kwa masikio ya mke; kipimo cha usingizi kitarudiwa kifaa kikiwa mdomoni.