Nyumba ya mama Tabora imekuwa tanuri, na LUKU inanikomba

Kutoka: Dada wa Leicester

Mwangaluka nyote,

Mwaka juzi nilimalizia nyumba ya mama pale Ipuli. Vyumba vinne, bati la kuficha, madirisha mapana ya aluminiamu kama ninayoyaona huku. Picha nilituma humu mkanisifu. Sasa tangu Septemba iingie mama halali. Jioni anachukua mkeka anakwenda kukaa kwa jirani, kwenye kile kibanda cha tofali mbichi tulichokuwa tunakicheka, na anarudi saa sita usiku. Juzi kaniambia, "Mwanangu, nyumba yako nzuri kuitazama." Ujumbe umefika.

La pili ni umeme. Kila mwezi natuma elfu 80 ya LUKU, ule umeme wa kulipia kabla, na kabla mwezi haujaisha simu inalia. Mimi mwenyewe hapa baridi ikianza navaa soksi mbili mbili, radieta nawasha jioni saa mbili nazima saa nne, na nguo nazianika ndani hadi ukuta unaota kuvu. Halafu nyumba ambayo haijui baridi nayo inataka kulishwa! Fundi anasema dawa ni viyoyozi viwili. Nitume hela au nisitume?

Kutoka: Kaka wa Minnesota

Tuma tu dada. Huku kiangazi bila kiyoyozi hukai. Mama ni mmoja.

Kutoka: Mzee wa Cheyo

Usitume kwanza.

Naandika nikiwa barazani, saa nane mchana, shati nimelivua. Nilirudi 2017 baada ya miaka 19 Denmark, na kosa lako, binti yangu, nililifanya kabla yako. Huko mliko nyumba hujengwa ili jua liingie na joto lisitoke. Ndiyo maana madalali wenu wanasifia bustani inayotazama kusini, kwa sababu jua lenu liko kusini mwaka mzima. Sisi Tabora tuko nyuzi 5 kusini ya ikweta. Juni jua linapita upande wa kaskazini, Desemba linapita kusini, na mwanzoni mwa Oktoba linakaa utosini kabisa, mchana kivuli chako unakikanyaga mwenyewe. Na huo ndio mwezi ambao mawingu bado na mvua tunaingojea Novemba. Sasa jua la utosini linapiga wapi? Ukutani halifiki sana. Linapiga bati.

Bati la kuficha lina mwinuko mdogo, limezungushiwa ukuta pande zote, na hewa iliyo kati ya bati na dari la jipsamu haina pa kutokea. Kuanzia saa nne asubuhi inapikwa pale juu. Jipsamu nayo inashika moto, na mama yuko chini yake. Jioni nje kunapoa lakini ndani bado, maana tofali za bloku zimeshiba joto mchana kutwa na sasa zinalitema. Tena paa la namna hiyo halina upenu, kwa hiyo jua la saa kumi linaingia moja kwa moja kwenye vioo vyako vya magharibi. Nimeitazama tena ile picha. Sebule inatazama barabara, na barabara iko magharibi. Umejenga nyumba ya kuotea jua.

Nilichofanya mimi kwanza ni kutoboa. Fundi alicheka, akaona mzee amechanganyikiwa, lakini tulifungua matundu kwenye ule ukuta wa kuficha bati, pande mbili zinazotazamana, tukaweka wavu kuzuia popo. (Bila wavu utajuta, popo hawana adabu.) Kisha bati, ambalo nilikuwa nimelichagua la rangi ya makaa kwa mbwembwe, nikalipaka nyeupe. Vumbi la Septemba linalifubaza, hivyo kijana hupanda kuliosha. Upande wa magharibi nikaweka kipenu cha bati juu ya madirisha na kupandisha mpasheni kwenye waya. Vyumba viwili vya kulala nikang'oa madirisha ya kuteleza, yale yanayofunguka nusu tu hata ufanyeje, nikarudisha ya bawaba yanayofunguka yote.

Lakini kuliko yote hayo, mfundishe anayekaa na mama saa za kufungua na kufunga. Tabora iko juu, mita kama 1,200 kutoka usawa wa bahari, na kiangazi hewa ni kavu, kwa hiyo usiku unapoa kweli. Saa moja jioni fungua kila kitu, nyavu za mbu ziwepo. Asubuhi saa tatu funga madirisha, shusha mapazia, mpaka jioni. Watu wetu wanafanya kinyume. Mchana wanafungua "hewa ipite" na hewa inayopita ni ya moto, usiku wanafunga wakiogopa wezi. Weka nondo nzuri, alale dirisha wazi. Ukija likizo nenda Kwihara, ingia ile tembe, nyumba ya udongo ya kizamani, waliyokaa wapelelezi Stanley na Livingstone, hata kama imejengwa upya. Ingia mchana wa Oktoba uguse kuta zile nene za udongo, utamwelewa jirani mwenye kibanda.

Na mwembe? Kwenye picha ya kiwanja niliuona. Kwenye picha ya nyumba siuoni.

Sasa viyoyozi. Kimoja cha chumba kinavuta kama kilowati 1. Usiku wa saa nane, hata kikipumzika katikati, kinakula uniti 5 au 6. Viwili kwa mwezi vinapita uniti 300, yaani zaidi ya laki moja juu ya hizo elfu 80. Pangaboi linavuta wati 70 hivi, usiku kucha ni nusu uniti. Pangaboi halipozi chumba, linampoza mtu, kwa hiyo akitoka alizime.

Tuje kwenye LUKU, maana hapo pana jambo. Kwenye elfu 80 inakatwa kodi ya jengo 1,500. Iliyobaki, kwa bei ya kawaida ya 292 kwa uniti, ukijumlisha VAT asilimia 18, tozo ya REA (umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati) asilimia 1, uniti inakuwa 356. Kwa hiyo mama anapata uniti 220, zaidi ya 7 kwa siku. Mjane mwenye wajukuu wawili anatumia uniti 7 kwa siku kufanya nini? Nimepiga hesabu ya kukisia. Shawa ya kupasha maji inavuta kilowati 5, watu watatu dakika kumi kumi ni uniti 2 na nusu. Friji la jikoni, moja na kidogo. Taa sita za nje zinazowaka usiku kucha, hata za LED, robo tatu ya uniti. Televisheni na simu ni za kuhesabia vidole. Zinabaki karibu uniti 3 ambazo sizioni mwenyewe, na uniti 3 kwa siku, kwa uzoefu wangu, ni dipu friza kubwa la zamani.

Una friza kwenye nyumba ile? Kama hujui, uliza. Uliza kwa upole. Wenye kutuma hela tuna sauti fulani kwenye simu ambayo wa nyumbani wanaijua.

Maana nyumba inayotumia chini ya uniti 75 kwa mwezi huuziwa uniti kwa 100, ikishajumlishwa na makato inakuwa 122. Tofauti ni kubwa mno. Ila 75 ni uniti mbili na nusu tu kwa siku, na hiyo shawa peke yake inazimaliza zote. Joto la Oktoba unaoga maji ya moto ya nini? Tenki jeusi likikaa juani maji yanatoka vuguvugu bure. Shawa iachwe hadi baridi ya Juni na Julai.

Kutoka: Mwana Ujiji

Mwakeye. Naongeza kidogo kwa wenye nyumba Kigoma, msichukue ya Tabora yote. Sisi tuko chini, ziwa lenyewe liko mita 773, na unyevu ni mwingi, usiku haupoi kama kwenu. Kwetu ujanja ni kuacha upepo wa ziwa upite nyumba nzima, dirisha kwa dirisha, na pangaboi halikwepeki. Ubahili wa umeme tulifundishwa na miaka ya jenereta za dizeli. Mama yangu mpaka leo anapiga pasi nguo za wiki nzima jioni moja, pasi ikishapata moto haizimwi hadi shati la mwisho. Na maharage analoweka tangu usiku, anayapika kwa jiko la presha la umeme, hayamalizi uniti moja. Mkaa sasa ni wa kuchomea samaki tu.

Kutoka: Dada wa Leicester

Mzee, nimempigia. Nimeuliza kwa upole kama ulivyosema. Kimya. Halafu akacheka.

Friza lipo, stoo, tangu Januari. Alilinunua kwa mtu aliyekuwa anahama. Anauza barafu za ubuyu za vifuko kwa wanafunzi, na hela hiyo ndiyo inayolipa madaftari na viatu vya wajukuu. "Sikutaka kila kitu nikuombe wewe," kaniambia.

Kwa hiyo friza linabaki, elfu 80 naendelea kutuma, shawa imefungwa tangu leo. Viyoyozi basi. Naomba namba ya huyo fundi wa kutoboa, nitumie pembeni, na uniambie gharama ya kupaka bati.

Mwembe niliukata mimi, majani yasizibe gata. Mama alikataa, nikamwambia ndivyo ramani inavyotaka.