Nyie mnaouza mafuta ya boraji hapa mjini, wenye mimba mnawatakia nini?

Assalaam alaykum wadau. Leo nimekuja na hasira zangu kwahiyo mnivumilie.

Skuizi kila ukifungua status za watu ni vidonge vya mafuta ya boraji, vile vya rangi ya dhahabu, mara vinatibu pumu ya ngozi, mara viungo, mara chunusi, mara homoni, mara vinafungua kizazi, yaani hakuna kisichotibika. Haya, kila mtu na riziki yake. Ila wifi yangu ana mimba ya miezi saba, ngozi ikawa yamuwasha, akaenda duka moja pande za Darajani (silitaji), tumbo lile unaliona tokea mlangoni, muuzaji akamkabidhi chupa akamwambia kunywa viwili asubuhi viwili usiku, mmea tu huo hauna madhara. Elfu arubaini na tano. Hakuulizwa anatumia dawa gani, hakuulizwa chochote.

Mkunga kliniki alipoiona ile chupa kwenye mkoba akamwambia acha leo leo.

Jamani mafuta haya yanakamuliwa kwenye mbegu za boraji, mmea wa huko Mediterania, na kinachoyapa sifa ni asidi moja ya mafuta inaitwa GLA, ambayo humu imo asilimia 20 na zaidi, mara mbili ya ile ya mafuta ya primrosi mliyotuuzia zamani. GLA ikiingia mwilini inaenda kutengeneza prostaglandini E1, kitu kinachofanya kazi kama homoni, na dawa za jamii hiyo hiyo ndo hospitali wanazitumia kuanzisha uchungu wa kuzaa!! Ndo maana mwenye mimba anaambiwa asiyaguse. Sasa wewe unayeuza hujui hilo? Na kama hujui unauza kwa elimu gani?

Tena mmea wenyewe una sumu za pirolizidini zinazoharibu ini. Mafuta yakisafishwa vizuri zinatoka, na viwanda vinavyojiheshimu vinaandika kwenye lebo kuwa hazimo. Chupa ya wifi nimeigeuza mpaka kitakoni, maneno hayo sikuyaona. Nilichokiona ni stika ya tarehe ya kuharibika iliyobandikwa juu ya tarehe nyengine, nikaikwangua kwa kucha, chini yake wino umefutwa umebaki weusi weusi tu. Nikamimina vidonge mkononi vikatoka vimegandana bonge zima, nikakata kimoja kwa wembe, wallahi harufu yake kama mafuta ya kukaangia samaki ya juzi. Na mtu haitaji kwenda chuo kujua kwanini, mafuta ya aina hii hayataki joto wala mwanga wala hewa, na pale dukani yamepangwa kwenye kabati la kioo linalopigwa na jua la alasiri, joto letu hili la Januari mnalijua.

Nikarudi nayo. Nikamuuliza kwanza hili ganda lake ni jelatini ya mnyama gani, maana jelatini yaweza kuwa ya ng'ombe na yaweza kuwa ya nguruwe, na lebo imenyamaza. Akanijibu "ya kawaida". Ya kawaida ndo mnyama gani sheikh?? Na kabati zima la juu yake limejaa habasoda na asali na maneno ya sunna.

Akaanza ooh dada mbona wengine hawalalamiki, mbona watoto wa watu wenye pumu ya ngozi wanapona. Wanapona wapi? Cochrane, taasisi ya kimataifa inayopitia tafiti za tiba, walikusanya tafiti 27 za pumu ya ngozi mwaka 2013, za mafuta ya boraji na ya primrosi ya kunywa, wakaona hayana tofauti na vidonge vitupu visivyo na dawa. Kwa haki ya Mungu palipo na dalili kidogo ni kwenye baridi yabisi ya viungo, huko kuna tafiti walipewa GLA gramu 1.4 kwa siku kwa wiki 24 na maumivu yakapungua, ila kidonge cha miligramu 1000 kina GLA miligramu kama 200 na ushei, piga hesabu mwenyewe, ni kama sita saba kila siku, sio hivyo vinne vyenu. Na wazee wetu ndo hao hao wenye viungo na ndo hao hao wengi wanatumia warfarini au aspirini, dawa za kuzuia damu isigande, ukiwachanganyia na hii damu inaweza kutoka isikatike. Mwenye kifafa nae aulizwe kabla hajauziwa. Hamuulizi!

Pesa hajarudisha, ati niende na risiti, risiti ambayo yeye mwenyewe hakutoa.

Chupa nnayo sijaitupa, kesho asubuhi naipeleka ZFDA, wakala wa chakula na dawa Zanzibar, na stika yake vile vile ilivyo. Na nyie wa Pemba kaeni macho maana kanambia mwenyewe kwa kujisifu kuwa mzigo mwengine ushapanda boti unakwenda Chake. Ukiuziwa kwangua hiyo tarehe kwa kucha, ukikuta nyengine chini yake piga picha weka hapa.