Nyuzi kati ya mapovu ya ESO 137-006: ni vitu halisi au hitilafu ya picha?

Kesha_la_Nyota:
Wakuu, habari za saa hizi. Tangu jana usiku nimeganda kwenye picha ya redio ya ESO 137-006, galaksi iliyo katika kundi la galaksi la Norma, iliyopigwa na MeerKAT, darubini ya redio ya Afrika Kusini yenye antena nyingi. Mikondo miwili naielewa: shimo jeusi la katikati linatema mikondo ya chembe, na mapovu yanavimba huku na huku. Kinachoninyima usingizi ni vile viuzi vyembamba vinavyotoka povu moja hadi jingine. Nilifuta kioo cha simu kwa shati nikidhani ni unywele! Ni kweli vipo, au antena zimetudanganya?

FundiMasafa:
Antena hudanganya sana, usione haya kuuliza. Mimi niliwahi kushangilia "mkia" wa galaksi, kumbe ni mng'ao wa chanzo kikali cha jirani. Lakini alama za uongo huchanua kama miali kutoka kwenye kitu king'avu, na ukibadili masafa (idadi ya mitetemo ya mawimbi ya redio kwa sekunde, hupimwa kwa MHz) nazo husogea. Hivi viuzi vilipotangazwa mwaka 2020, vilikuwa vimeonekana palepale kwenye MHz 1,000 hivi na 1,400 hivi. Vipo, ndugu.

Kesha_la_Nyota:
Shukrani. Na mbona mapovu yenyewe yamekunjwa kurudi nyuma?

MamaDarubini:
Kwa sababu ndani ya kundi hapako tupu, mwanangu. Pamejaa gesi ya joto la mamilioni ya nyuzi (nyuzi za joto, si hizo zako). Galaksi ikikata gesi hiyo inapigwa na upepo wa mwendo wake yenyewe. Katazame NGC 1265 kwenye kundi la Perseus: inakwenda zaidi ya kilomita 2,000 kwa sekunde, na mikondo yake yote miwili imelazwa nyuma kama moshi wa meli.

Viuzi ni kesi nyingine. Vinang'aa kwa elektroni zinazozunguka uga wa sumaku kwa kasi inayokaribia ya nuru; hilo halina mjadala. Nini kimevisokota viuzi vikawa vyembamba hivyo, hapo wataalamu bado wanavutana. Mimi nawaunga mkono wanaosema ni uga wa sumaku uliovutwa na gesi inayosukasuka.

FundiMasafa:
Mama, hata katikati ya Njia ya Maziwa, galaksi yetu, kuna nyuzi za sumaku, zimejulikana tangu 1984. Na hapo hakuna upepo wa kundi.

MamaDarubini:
Ndiyo maana nimesema wanavutana, Fundi.